Ile gari ya Chebeya na kaye yenye haikuandikwa

Bandugu na badada wasomi, leo agronomu wenu hataongea juu ya mbolea wala juu ya ugonjwa wa muhogo. Mutanisamehe.

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu saba ndani ya chumba cha mwenzetu, kompyuta juu ya meza, jenereta ya jirani ikipiga kelele nje, na tukaangalia filme ya Thierry Michel, L'affaire Chebeya, un crime d'État ? Ilitoka mwaka 2012. Wakati ule mimi nilikuwa bado kwenye sekondari, navaa shati nyeupe na suruali ya bluu, na jina la Chebeya nililisikia tu kwa radio ya baba. Wengi wenu munamujua Michel juu ya L'homme qui répare les femmes, ile filme ya Docteur Mukwege ya mwaka 2015. Hii ya Chebeya wachache wameiona huku kwetu. Michel mwenyewe, Julai 2012, alifika Kinshasa akarudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Ndjili.

Naandika maoni yangu juu ni filme nzuri, na pia juu nafikiri inaangalia pembeni ya kitu chenyewe. Na kuko jambo langu mimi ndani yake. Nitafika.

Kwa wenye hawajui au walikuwa bado watoto: Floribert Chebeya, mwana wa Bukavu, alizaliwa 1963, alikuwa kiongozi wa shirika La Voix des Sans-Voix, lenye kutetea haki za watu tangu wakati wa Mobutu. Tarehe 1 Juni 2010 alienda kwenye ofisi kuu ya polisi Kinshasa. Alikuwa amealikwa kukutana na mukubwa wa polisi, Jenerali John Numbi. Alienda na shofere wake, Fidèle Bazana. Kesho yake, tarehe 2, Chebeya alikutwa amekufa ndani ya gari yake mwenyewe, kiti cha nyuma, kule Mitendi, kwenye barabara ya kwenda Matadi. Ndani ya gari kulikuwa na kondomu na nywele za bandia za mwanamuke, ili mupita njia afikiri ile ambayo walitaka afikiri. Bazana hakuonekana, na hata maiti yake familia haikupewa.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 2010 mukubwa wa polisi alikuwa anaitwa Inspekta Mukuu, na ofisi yake ilikuwa inaitwa Ukaguzi Mukuu wa polisi, Inspection générale. Kwa hiyo Chebeya alikufa juu ya kwenda kwenye nyumba yenye jina la ukaguzi. Nani alikuwa anakagua ndani ya ile nyumba? Yule yule mwenye kuamuru. Mimi nilisimamisha filme hapo, nikawauliza wenzangu kama wamesikia. Dada mumoja, yeye amesoma droit, akacheka: « We, acha filme itembee. »

Filme inafuata kesi ya kwanza, ile iliyoanza Novemba 2010 mbele ya korti ya kijeshi ya Kinshasa-Gombe, mpaka hukumu ya Juni 2011. Audience zilifanyikia ndani ya gereza la Makala. Na hapa Michel ni fundi kweli. Haharakishi. Anaacha kamera juu ya uso wa mutu mpaka yule mutu anachoka kujificha. Unaona wajane wamekaa wanasikiliza watu wakigeuza maneno. Unaona waamuzi wamevaa uniforme, mwendesha mashitaka amevaa uniforme, washitakiwa wamevaa uniforme. Wote wanaitana kwa grade. Kila mara mushitakiwa anasimama, anapiga saluti kwanza. Bila mutu kukueleza, unaelewa kwamba ni familia moja inajihukumu yenyewe, na wageni ni wale wanawake wawili tu.

Sheria yetu njo inasema hivyo: polisi akiua, anaenda mbele ya korti ya kijeshi, hata kama aliyekufa ni raia. Na mwamuzi wa kijeshi hawezi kuwa na grade ya chini kuliko ya yule anayemuhukumu. Fikiri kidogo juu ya hesabu hii. Mutu akipanda sana, waamuzi wake wanapunguka. Jenerali alikuja kwenye ile kesi, lakini kama mutoa habari, hakuwa mushitakiwa. Alikana, na anakana mpaka leo.

Hukumu ya 2011: wanne walihukumiwa kufa, akiwemo Koloneli Daniel Mukalay wa huduma maalum za polisi, na watatu kati ya hao wanne walikuwa wamekimbia. Mumoja alipewa kifungo cha maisha. Watatu wakaachiliwa. Filme inaishia hapo hapo, na ile alama ya kuuliza kwenye jina lake. Nani alitoa amri? Ni jinai ya serikali ao ni jinai ya watu fulani?

Njo hapo mimi nabishana na Michel.

Swali la « nani alitoa amri » ni swali kubwa, siliachi. Lakini filme nzima inakaza macho juu, kwa ile kofia ya jenerali, mpaka inasahau kuuliza swali dogo lenye lingeweza kujibiwa tarehe 2 Juni asubuhi, bila korti, bila waganga kutoka Uholanzi kuja kupasua maiti. Ni hili: gari gani za polisi zilitoka ndani ya ile parsele usiku wa tarehe 1? Nani alikuwa anaendesha? Zilienda kilometa ngapi? Zilirudi saa ngapi? Kule Mitendi hakuna mutu anafika kwa kuruka. Gari ya marehemu ilipelekwa kule na mutu, na yule mutu alirudi na gari ingine. Kama ile nyumba ilikuwa na kaye kwenye mulango, kaye moja tu ya kurasa mia, na kama ile kaye ilikuwa kwa mikono ya mutu ambaye mwenye nyumba hawezi kumufukuza, kesi ingekuwa imeanza na jina la shofere. Ilianza na kondomu.

Mutasema: agronomu na kaye zake. Ndiyo. Wacha niwaambie ninatoka wapi.

Nafanya kazi na ONG moja ndogo kwenye tambarare. Tunagawa miti ya muhogo ya kupanda, ile yenye kuvumilia ugonjwa, na tunafundisha bamaman namna ya kuchagua. Gari ya proje iko na kaye. Kila asubuhi shofere anaandika namba ya kilometa, saa ya kutoka, wapi anaenda, nani yuko ndani. Jioni anaandika tena. Mwisho wa mwezi kuna mutu wa hesabu, dada mumoja hana huruma hata kidogo, anapima kilometa na mazuti. Siku moja zilikosa kilometa 38. Nilikuwa nimeomba shofere anipeleke kwa matanga ya mjomba. Niliandika barua ya kurasa mbili kujieleza, na nikalipa mazuti kutoka mfukoni.

Wiki ile ile, na siongezi chumvi, pikapu ya polisi iligonga motari mwenye ananibebaka kwenda mashambani siku gari haiko. Ilikuwa siku ya soko. Mimi nilikuwa nimeshuka kununua maji, nilikuwa metri kumi hivi. Pikapu ilikuwa inatoka mbio, polisi sita nyuma, hakuna kitu walikuwa wanafukuza, mimi niliona. Ikamupiga kwa ubavu. Pikipiki ikazunguka, mguu wa baba wa watu ukabaki chini yake. Pikapu ikasimama kidogo, mutu mumoja akaangalia, halafu ikaendelea. Haikuwa na plake.

Nani alikuja kuandika PV? Polisi wa posti ya pale pale, wenzao wa kula pamoja. Na karatasi ya kuandikia, wanunuzi ni sisi, munajua desturi. Aliandika kwamba motari alikuwa mbio, hakuwa na makaratasi kamili, na aligongwa na « gari lisilojulikana ». Nikamwambia: « Shefu, ile pikapu ni yenu, inapitaka hapa kila siku. » Akaniangalia kwa upole, hata hakukasirika. Akasema: « Agronomu, leo hakuna gari yetu ilitoka. » Akanipa bik nitie sahihi kama shahidi.

Sikutia sahihi kwa ule uongo. Lakini pia sikuandika ile niliyoiona. Nilirudisha bik, nikasema nina haraka ya kupeleka mugonjwa hospitali. Ilikuwa kweli, na ilikuwa pia mulango wa kutorokea. Miaka miwili imepita. Kwa hiyo wakati filme inaonyesha mutu wa uniforme anasema mbele ya korti « sikumbuki, sikuwa pale », wenzangu walipiga kelele, bongo, bongo! Mimi nilinyamaza.

Tukirudi kwa filme. Baada ya Michel kufunga kamera yake, habari iliendelea, na ile iliyoendelea inaonyesha filme ilikosa nini. Septemba 2015 Korti Kuu ya kijeshi ilimupa Mukalay miaka 15 na kuwaachilia wale wengine waliokuwa wamefikishwa mbele yake. Mutu angesema habari imeisha. Lakini Septemba 2020, mumoja wa wale waliokimbia, Christian Ngoy Kenga Kenga, mukubwa wa batayo Simba ya polisi, alikamatwa Lubumbashi. Februari 2021 polisi wawili waliokuwa uhamishoni wakaongea kwa RFI. Walisema walikuwa kwenye ile timu. Walieleza namna Chebeya na Bazana walizibwa pumzi na masashe ya plastike. Kesi mupya ilifunguliwa Septemba 2021, na tarehe 11 Mei 2022 Kenga Kenga alihukumiwa kufa, Jacques Mugabo alipewa miaka 12, na Paul Mwilambwe, mwenye alikuwa ameanza kuongea tangu uhamishoni, akaachiliwa. Jenerali yeye alikuwa amesha kuvuka mupaka. Mbele ya korti kama mushitakiwa, hajasimama bado.

Muliona? Habari kuhusu ile usiku haikutoka juu. Ilitoka kwa watu wadogo, wa kuendesha gari na kubeba silaha, wenye walikuwa pale, wenye wangeandika kwenye ile kaye kama kulikuwa na kaye na kama kulikuwa na mutu wa kuwalinda. Ilichukua zaidi ya miaka kumi, na bahari katikati, ili waseme kitu ambacho ukaguzi wa kweli ungewaomba kesho yake asubuhi.

Na hii si ndoto yangu ya agronomu. Mwaka 1990, pale Havana, Umoja wa Mataifa ulikubaliana juu ya kanuni za matumizi ya nguvu na silaha za moto kwa polisi. Dada wetu wa droit alinitumia, nikazisoma usiku mmoja. Zinasema mambo ya kawaida kabisa. Polisi akiumiza ao akiua, lazima atoe raporo haraka kwa mukubwa wake. Silaha na masasi anayopewa lazima yahesabiwe, na ajibu juu yake. Kuwe na njia ya kuchunguza kila tukio, na watu wenye uwezo wa kweli wa kuchunguza. Halafu kuko ile inayonifurahisha zaidi: mukubwa anabeba mzigo kama alijua, ao kama alipaswa kujua, kwamba watu wake wanatumia nguvu kinyume cha sheria na hakufanya kitu. Alipaswa kujua. Kwa hiyo kusema « hakuna gari yetu ilitoka » si kujitetea. Ni kujishitaki. Kama wewe ni mukubwa na hujui gari zako sita za posti ziko wapi, wewe unafanya kazi gani?

Sheria yetu ya polisi ya tarehe 11 Agosti 2011 nayo si mbaya kwa kusoma. Ilitoka wiki chache tu kisha ile hukumu ya kwanza. Inasema nguvu zitumike tu pale hakuna njia ingine kabisa, na kwa kipimo. Na ilitenganisha yale majina: sasa mukubwa wa polisi ni Kamishina Mukuu, na Ukaguzi Mukuu ni chombo cha kando, cha kuchunguza na kupima polisi. Vizuri. Lakini wote wawili wanaripoti kwa waziri mumoja, wa mambo ya ndani. Mutoto mukubwa na mutoto mudogo wa nyumba moja, na baba anapenda nyumba isichekwe na majirani. Miaka miwili baadaye, Novemba 2013 mpaka Februari 2014, polisi ilifanya Operesheni Likofi Kinshasa, juu ya vijana kuluna. Oktoba 2014 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa raporo: watu wasiopungua 9 waliuawa bila hukumu na 32 walipotea. Serikali ilijibu namna gani? Ilimufukuza nchini mukubwa wa ile ofisi. Polisi walikuwa wanavaa kagule usoni. Andika sasa kwenye kaye: « aliyetumia silaha: mutu wa kagule. »

Kenya, mwaka ule ule wa 2011, walichagua njia ingine: chombo cha raia, IPOA, na polisi analazimishwa kukijulisha kila kifo ao jeraha kubwa linalotokana na kazi yake. Siwauzii Kenya kama paradizo, tuliona vijana wa Nairobi walivyopigwa masasi Juni 2024. Uingereza nao, gari ya polisi ikiua mutu barabarani, mambo yanapelekwa moja kwa moja kwa ofisi ya nje ya polisi. Hawangojei familia ije kulalamika na kununua karatasi. Kwangu tofauti iko hapo: ni nani analazimishwa kuanza kuongea, ni mwenye pikapu ao ni mwenye mguu uliovunjika?

Pale chumbani dada wa droit hakukubali. Alisema, na alisema kwa nguvu: « Kaye pia inaandikwaka bongo. Utakuta imeandikwa pikapu ilikaa kwa posti siku nzima. Utafanya nini na hiyo? »

Swali ni zuri, na nilishindwa kujibu mpaka kesho yake. Jibu nimelitoa kwenye kazi. Wakati wa staji yangu walinipa kaye za mvua za kituo kimoja, miaka mingi, kila siku mutu anasoma kipimo na kuandika milimeta. Nilianza kunakili kwenye kompyuta. Mwezi mumoja ulinishangaza: milimeta 5, 0, 5, 0, 5, 5. Na Jumapili zote sufuri. Mvua gani inaheshimu misa? Yule mzee alikuwa anakaa nyumbani na kujaza kaye mwisho wa mwezi. Alidanganya, ndiyo. Lakini uongo wake ulikuwa na tarehe, ulikuwa na mwandiko wake, na ulikuwa karibu na kaye za vituo vingine vyenye mvua ilinyesha kweli. Nilimukamata bila kutoka kwenye kiti. Uongo ulioandikwa unaweza kupimwa na mazuti, na kaye ya masasi, na kaye ya hospitali, na simu. Ule wa mudomo, « leo hakuna gari yetu ilitoka », unapotea na upepo kabla hujafika nyumbani. Njo maana sijawahi kuona posti inayopenda kaye.

Kaye yenyewe haitoshi, nakubali. Yule dada wa hesabu kwenye proje yetu ananiumiza juu halipwi na mimi, na mimi siwezi kumuhamisha. Kama angekuwa chini yangu, zile kilometa 38 zingekuwa mvua ya Jumapili.

Na tusiwageuze polisi wote mashetani, Michel mwenyewe hafanyi vile. Yule wa posti aliyeniletea bik, viatu vyake vilikuwa vimefungwa na waya. Mushahara wake unajulikana, hata yeye hawezi kuutaja bila kucheka. Akiandika kweli juu ya pikapu ya shefu, kesho anapelekwa kilima ambako hata mutandao wa simu haufiki, na bibi na watoto wanabaki. Filme ingekuwa na nguvu mara mbili kama ingekaa dakika kumi na mutu kama huyu, badala ya kurudi tena na tena kwa koloneli na jenerali. Ningependa kumuona yule wa mulango: alifungua saa ngapi, kwa nani, na nani alimwambia asahau.

Basi muangalie. Inachukua saa moja na nusu hivi, na Kifaransa chake si kigumu. Muangalie mikono ya watu wakati wanaongea, kamera inaipenda. Muhesabu ni mara ngapi mutu anauliza juu ya gari. Sisi tulihesabu na hatukuelewana juu ya namba, tukagombana vizuri mpaka jenereta ikazima.

Mimi juzi nilienda kwa yule motari. Siku hizi anatengeneza redio chini ya muembe, mguu ulipona vibaya, anatembea na fimbo. Nilimwambia: « Papa, nataka niandike ile niliyoiona, niipeleke kwa auditora ya kijeshi. Najua nimechelewa. » Nilifikiri atanikasirikia. Aliendelea kuchoma waya yake, kimya muda murefu. Halafu akasema: « Watakuuliza plake. »

Nikasema haikuwa na plake.

« Njo hiyo. » Akaweka fimbo pembeni, akavuta kiti. « Basi andika saa, Agronomu. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi, juu gari ya chumvi ilikuwa imefika sasa hivi na inafikaka saa tisa. Shofere alikuwa na mukono wa kushoto nje, amefunga saa ya njano. Kwa mulango kulikuwa kumepigwa, hivi, kama jembe lilipita. Uko unaandika? »

Nilikuwa sina karatasi. Aliniita mutoto wake, akamutuma ndani alete kaye ya shule.